Matundu Niliyoyaziba kwenye Gari la Njoroge

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mkono huu unaoshika daftari. Mimi ni Langat, wa kule juu kwenye miti ya saipras, yule mnayemcheka kwa sababu ya gari jeupe. Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la saba, na nikisimama mbele ya watu maneno hunitoroka, ndiyo maana nimeandika. Nimeandika mara tatu na kuchana mara mbili, kwa sababu kila nikisoma niliona nimejipendelea mahali. Mkiona nimejipendelea tena, mniambie baada ya ibada.

Kwa wageni walio nasi, gari lenyewe ni kempa. Ni nyumba yenye magurudumu: vitanda viwili, sinki, jiko la gesi, kabati. Ni la Bwana Njoroge aliyekuwa na duka la misumari na mabati hapa Kedowa. Alipozeeka alihamia Nairobi kwa binti yake, na kule hakuna mahali pa kuliegesha. Mara mbili kwa mwaka yeye na mke wake wanakuja, wanalichukua, wanapitia Bomet na Mulot kwenda kutazama wanyama, kisha wananirudishia. Miezi mingine yote linakaa kwangu.

Ndugu zangu, gari lisilotembea lina kazi kuliko ng'ombe wa maziwa! Nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari hili. Jumamosi, nimewasha injini mpaka ipate moto. Jumamosi, nimelisogeza mbele kidogo ili magurudumu yasikae upande mmoja. Nimefunga gesi. Nimemwaga maji ya tangi yasioze. Nimeona mavi ya panya karibu na betri, sijalala vizuri. Mke wangu, Mama Faith, aliliita bibi mdogo. Nikiingia kunywa chai alikuwa akiniuliza, "Bibi mdogo ameamkaje? Ameuliza habari yangu?" Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa. Njoroge alinipa ufunguo akaniambia, "Langat, hapa Kericho yote nimekuchagua wewe." Maneno kama hayo ni mazuri kwa mtu mwingine. Kwangu yalikuwa mzigo. Nilijiuliza, kwa nini mimi? Ameona nini ambacho mimi sikioni?

Nyinyi mnajua mvua yetu. Mchana ukipinduka tu, inashuka. Mwaka jana, ile mvua ndefu, niliona tone moja likining'inia kwenye dari ya gari. Tone moja, ndugu zangu! Nikakosa raha wiki nzima. Nikafikiri, mimi ni mtu wa chai, nimelea miche miaka mingi, najua kuzuia maji. Nikanunua karatasi ya nailoni, ile tunayofunikia kitalu cha miche, nikalifunika gari kutoka juu mpaka magurudumuni, nikafukia kingo na udongo kabisa, jinsi tunavyofanya kitaluni. Na kwa sababu ya panya, yale matundu madogo ya hewa chini ya mlango na kwenye dari nikayaziba na matambara.

Hapa lazima niseme ukweli. Njoroge alikuwa amenionyesha matundu hayo kwa kidole chake. Alisema, "Haya usizibe hata siku moja." Hakunificha kitu. Nilisikia, nikajiona najua zaidi.

Sasa niwaulize wakulima, kitalu kikifunikwa hivyo, ndani kunakuwaje? Kunatoa jasho! Ndiyo maana miche inachipua. Nilisahau kwamba gari si mche. Mwezi wa saba nilipofunua karatasi na kufungua mlango, harufu ilinipiga usoni. Magodoro yameota madoa ya kijani. Mapazia meusi. Kabati limevimba, halifungi. Na Njoroge alikuwa amepiga simu, anakuja wiki ile ile.

Sikuweza kula. Mama Faith aliponiona nimesimama mlangoni pa gari kama mtu aliyefiwa, aliacha utani. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua ndoo na sabuni, akaniambia, "Baba Faith, sogea. Huyu bibi mdogo wako nitamwosha mimi." Tulitoa magodoro tukayatandika kibarazani juu ya yale magunia ya wavu ya kubebea majani ya chai. Yeye akabaki anasugua kuta. Lakini baridi ilikuwa kali, mvua inanyesha, na kila alipopangusa ukuta ulirudi kulowa.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Niliwasha jiko la makaa. Nililiacha nje chini ya paa mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu yote. Sisi sote tumelelewa hivyo: makaa yenye moshi ni mabaya, makaa mekundu ingiza ndani watoto waote. Nikaliingiza kwenye gari. Karatasi nilikuwa nimeirudisha juu sababu ya mvua, nikaacha mlango tu bila kufunikwa, na matambara yalikuwa bado kwenye matundu. Nikamwambia mke wangu, kwa kinywa changu hiki, "Funga mlango, joto lisitoke."

Akaufunga. Mimi nikaenda kupeleka majani ya chai kituoni.

Siku ya majani mnaijua. Unapanga foleni, unapima, unangoja lori la kiwanda, unarudi jioni. Na magunia ya wavu yalikuwa chini ya magodoro, kwa hiyo nilikuwa nimeshindilia majani kwenye gunia moja la nailoni tangu asubuhi. Karani anayepima majani alitia mkono ndani ya gunia, akautoa haraka.

"Mzee, haya yameungua."

"Yameungua wapi? Nimechuma leo."

"Tia mkono mwenyewe. Ni kama uji. Umeyafunga hayapumui, unataka yafanye nini?"

Watu nyuma wakacheka. Mmoja akasema, "Ako na bibi mdogo siku hizi, majani hayajui tena!" Mimi nilikasirika, ndugu zangu. Nilimwambia karani yule maneno ambayo shemasi hasemi. Nilisema ananionea. Nikabeba gunia langu nikaondoka, na moyoni nikamwombea mabaya. Naungama hapa mbele yenu. Majani yalikuwa yameungua kweli. Mkono wangu ulisikia moto ule.

Nilikuwa nimefika kwenye daraja la miti ndipo maneno yake yaliponirudia. Umeyafunga hayapumui. Mgongo wangu ulikuwa unasikia joto la lile gunia. Nikajiuliza, majani tu, bila moto, yamepata joto hivi. Na mle ndani nimefunga nini? Nilitupa gunia. Sijawahi kutupa majani maishani mwangu. Nilikimbia na gumbuti miguuni, naanguka, naamka, nikisema jina la Yesu tu kwa sababu sala nyingine haikuja.

Niliita kutoka langoni. "Mama Faith!" Hakuna. Nilivuta mlango. Alikuwa amelala sakafuni kati ya sinki na kitanda, tambara bado mkononi. Makaa yalikuwa mazuri, mekundu, hayana moshi hata kidogo.

Nilimburuta nje mpaka kwenye nyasi, mvua ikampiga usoni. Nilimwita. Niliogopa kumgusa na niliogopa kutomgusa. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, yenye sauti mbaya, akatapika. Ndugu zangu, sijasikia wimbo mzuri kuliko ile sauti! Jirani alileta pikapu, tukampeleka hospitali, wakamtia hewa ya mtungi. Daktari alinieleza pole pole kwamba makaa yana sumu isiyoonekana wala kunuka, na kwamba nyumba zetu zina nafasi chini ya paa, inatoka. Gari lile halikuwa na nafasi. Nafasi zote nilikuwa nimeziba. Akasema, "Ungerudi jioni, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Wengine mliokuja kutuona mlisema ni kazi ya shetani. Nawashukuru kwa maombi, lakini sitaki kumsingizia hata shetani. Ni mimi niliyeziba. Wengine mlisema Mungu aliunguza majani yangu makusudi. Hapo sijui. Niliyaunguza mimi kwa kushindilia. Ninachojua ni hiki: kosa langu moja lilikuwa linamuua mke wangu, na Bwana akachukua kosa langu lingine akanirudisha nalo nyumbani. Kama kuna anayejua kulieleza vizuri zaidi, asimame.

Jioni ile nilimpigia Njoroge simu kutoka hospitalini. Nilimweleza yote, karatasi, matambara, magodoro. Akauliza, "Mama anapumua vizuri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hilo gari ni bati tu." Baadaye alikuja, akaona kabati, akanikasirikia. Ilikuwa haki yake. Alinikaripia, kisha akaingia kumwona mke wangu, akalia. Ufunguo nilimrudishia. Akaurudisha mfukoni mwangu.

Karani naye nilimfuata kituoni nikamwomba msamaha mbele ya foleni ile ile. Akasema, "Mzee, mimi nilipima majani tu." Kongoi, asante, ndugu yangu. Leo amekaa pale nyuma, amekubali kuja.

Nimalize. Nyinyi mnaobeba hofu kama mimi, mnaoziba kila tundu ili jambo baya lisiingie, nisikieni. Mimi bado naogopa. Usiku huamka nikasikiliza kama mke wangu anapumua, na sioni aibu kulisema. Lakini mkabidhini Bwana kile msichoweza kukilinda, na jiko la makaa likae nje. Hata likiwa jekundu. Hata baridi ikiuma.

Nilimwuliza Mama Faith kama nisome haya. Akasema, "Soma, lakini usijifanye shujaa." Sikujifanya. Jana ilikuwa Jumamosi. Niliwasha injini, nikalisogeza gari, nikafungua madirisha yote. Yeye alikaa mlangoni pa nyumba na kikombe cha chai, amejifunika shuka, akaniuliza, "Bibi mdogo amepumua?"

Nikamwambia, "Amepumua."

"Na bibi mkubwa?"

Hilo nimewaletea nyinyi, ndugu zangu. Nijibieni nyinyi: Bwana asifiwe!