Nyumba ya Suruali Kumi na Nne

Benchi la kahawa linatazamana na nyumba ya vyumba sita ambayo dalali alimwonyesha Fundi Saa jana, kwa nje tu, maana funguo "ziko njiani." Fundi amebeba kiinua mgongo chake chote kwenye mfuko wa ndani wa koti. Dalali amempa hadi saa sita mchana. Eti kuna mnunuzi mwingine anakuja mbio. Mkewe alimuaga kwa upole uliomtia baridi: "Ukirudi bila nyumba, karibu. Ukirudi bila nyumba na bila pesa, utalijua benchi lile lina urefu gani." Fundi anachotaka kujua ni kimoja tu: nyumba ina wapangaji? Wenzake wa benchini wanahesabu nguo kwenye kamba ya uani.

— Suruali kumi na nne, alisema Profesa, ambaye chuo alikipitia kwa kukatiza uwanja wake. Kila mtu ana mbili. Wapangaji saba hao.

— Vyumba ni sita, Profesa, alisema Fundi.

— Wa saba anasubiri foleni. Soko hilo.

— Sasa kama zote mbili ziko kambani, wenyewe wamevaa nini?

— Hawajavaa. Unadhani kwa nini hatujawahi kuwaona nje?

Dereva Mstaafu alishusha kikombe.

— Na asiyetoka hahami. Huyo ni mpangaji wa maisha. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Inahusu nini hapa?

— Kodi, ndugu yangu. Itazaa.

— Bora nikachungulie vyumba kwanza, alisema Fundi.

— Mchagua nazi hupata koroma, alionya Profesa. Uchungulie watu wako uchi, wakushtaki, na hata mwenye nyumba hujawa?

— Cheki ile ya kahawia, alisema Dereva. Kiuno kile ni cha mtu mzito. Huyo hulipa kabla ya tarehe.

Saa sita kasoro dakika tano. Fundi alisimama, mkono kotini. Ndipo dobi mmoja alipoingia uani na beseni, akaanua kamba nzima, akaja moja kwa moja benchini.

— Shikamooni wazee. Hii ya kahawia yako, baba. Mama alisema nikuletee hapahapa.

Dereva aliipokea bila kuitazama.

— Halafu mnisaidie, miezi minane sasa naanika pale, sijaona mtu wa kumwomba ruhusa. Hivi mle anakaa nani?

Profesa alikohoa. Dereva aliikunja suruali mara nne, ikawa ndogo kama leso.

Dalali alipotokea na funguo, Fundi Saa alikuwa keshafunga vifungo vyote vya koti, hadi cha shingoni, anaelekea nyumbani kwa mkewe.