Meza ya Kujifunga

Mtumbwi wa injini ulikuwa umetoka Lubunga ukivuka mto kwenda mjini. Olga alikaa nyuma, kamba mpya ya kufungia mizigo mapajani, akisikiliza yasiyomhusu. Mbele yake kijana aliandika kwenye simu. Mama mmoja mwenye nguo nyeusi za matanga akamuuliza anaandika nini.

"Ninaandikia wenye mchezo wa simu wa kujenga nyumba na kutafuta uzima. Ninawaomba meza mupya ya ufundi. Ya sasa, ukikufa, vyombo vyako vinaanguka chini, mwenye kupita anabeba. Yangu itajifunga, itafungukia mwenyewe tu."

"Mwenyewe si amekufa?"

"Mu mchezo mutu anarudia muzima, mama."

Mama alitazama maji. "Bwana yangu alikuwa fundi ya mbao. Bandugu yake walibeba meza yake, raboti ya kulainisha mbao, hata misumari, maiti ingali mu salon ya nyumba. Ile meza yako ifungukie bibi ya mwenyewe."

"Mu mchezo hakuna bibi."

"Bon, waongeze."

"Mama, kila mutu atasema yeye ndio bibi."

"Na wale walisema wao ndio familia."

Olga aliona mama anazidisha. Mali ya ndugu hurudi kwa ndugu. Tangu lini hilo likawa wizi?

Mtumbwi ukagusa ukingo, wale wawili wakiwa bado wanabishana. Kaka yake Olga alikuwa akingoja juu na mkokoteni wake, pusipusi.

"Umeleta kamba? Tuende mbio. Bibi ya ndugu yetu marehemu amelala juu ya mashini yake ya kushona, hataki kuamuka."

Olga akamrushia kamba.