Gladwell wa Saiba na Barua Zilizobisha Hodi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto, maana ukiunguza maharagwe usije ukatulaumu sisi. Leo tunamkumbuka mama aliyekuwa akigombana na barua. Si kuzisoma tu. Kugombana nazo, kwa sauti, mbele za watu. Jina lake Gladwell Nyaruai, mke wa Wakoli, mwenye saiba, duka la intaneti, pale Kitale karibu na soko. Narudia: Gladwell Nyaruai, wa saiba ya Kitale. Tulimzika Jumamosi kwa akina mumewe, Kabuchai, na mvua ikatunyeshea hadi kwenye sahani za wali.

Gladwell alizaliwa katika familia ya wakulima waliotoka Nyeri wakafanya makao Trans-Nzoia. Baba yake, Mzee Kimotho, alilima mahindi na viazi. Binti huyu alikuwa na sauti, jamani! Mumewe anasema, "Mimi nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anazozana na muuza nyanya, na yule muuza nyanya alikuwa ameshaomba msamaha."

Sasa sikilizeni kisa cha posa yake, kwa sababu ndicho kilichomfundisha kazi. Wazee wa Kabuchai walikuwa wamepanga kwenda kwa Mzee Kimotho kumposea Wakoli. Kabla hawajafika, akatokea bwana mmoja amevaa koti zito, jua linawaka. Akajiita mjumbe wa akina Wakoli. Akasema mambo yamebadilika ghafla, wazee wamekasirika, na lazima apewe jogoo awapelekee leo leo, la sivyo ndoa imekufa. Mzee Kimotho akababaika. Bwana koti akachinjiwa kuku, akala akashiba, akapewa jogoo mwingine mkononi, akaenda zake. Hajaonekana mpaka leo.

Wazee wenyewe walipofika wakaulizwa, "Jogoo wetu mlimpenda?" Wakadhani wanaitwa wezi. Ndoa ilibaki kidogo tu ivunjike kweli. Tangu siku hiyo Mzee Kimotho aliweka sheria nyumbani: mjumbe akija, mpe chai, lakini jibu usimpe yeye. Tuma mtu wako aende kwa wenyewe akaulize.

Miaka ikapita. Gladwell akafungua saiba. Kompyuta tatu, moja ikipiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Na miongoni mwa wateja wake alikuwako rafiki yake wa kanisani, Mama Edinah Nakhungu, muuza njugu kutoka Myanga, kule Bungoma. Kila siku ya soko Mama Edinah alipanda mpaka Kitale, akauza njugu, kisha akaingia saiba kumuuliza Gladwell, akimwita kwa jina la bintiye, swali moja: "Mama Mary Ann, mtoto ameandika?"

Mtoto ni Wekoye. Alienda ng'ambo kusoma. Kabla ya kuondoka alimfungulia mama yake anwani ya barua pepe pale Bungoma mjini. Baadaye baba yake akafariki, na Wekoye hakuja mazishini. Nauli ilimshinda, kisha aibu ikamshinda zaidi. Akanyamaza. Simu hakuna, barua hakuna, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama alibaki na hiyo anwani peke yake. Ndiyo njia pekee ambayo Wekoye aliijua ya kumfikia mama yake. Shikeni hapo.

Basi siku moja, mwaka wa elfu mbili na sita, Gladwell akafungua sanduku la barua pepe la Mama Edinah na kweli kukawa na barua. Mama Edinah akaangusha kikapu. Lakini haikuwa ya Wekoye. Gladwell akaisoma, akiitafsiri kwa sauti yake ile, saiba nzima ikasikia: "Mpendwa mtumiaji. Usalama wa akaunti yako una tatizo. Bonyeza hapa uandike paswadi yako, lile neno la siri la kuingilia. Usipofanya hivyo leo, akaunti itafutwa kabisa."

"Ifutwe?" Mama Edinah akashika kichwa. "Na Wekoye akiandika, barua yake itaenda wapi? Mama Mary Ann, andika! Andika haraka bana, kabla hawajafunga!"

Kiplangat, muuza mbegu aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili, akaacha mambo yake. "Si wamesema usalama? Hao ni wakubwa wa intaneti. Usiwachezee."

Wasikilizaji, Gladwell alibonyeza. Msimwone shujaa, alibonyeza! Ukurasa ukafunguka, mzuri, una rangi zote za kampuni yenyewe ya barua pepe. Akaandika paswadi nusu. Halafu vidole vikasimama.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu mbona ananiharakisha?"

Akamkumbuka bwana koti. Akaiangalia ile barua tena. "Ati mpendwa mtumiaji. Mtumiaji ni nani? Wewe unasema unanitunzia akaunti, jina langu hulijui? Na paswadi si unayo wewe tayari, unaniuliza ya nini?" Akachungulia anwani ya aliyeituma, akakuta mkorogo wa herufi na namba usiofanana kabisa na jina la kampuni. Hapo akaiambia kompyuta, "Wewe kaa hapo. Chai utapewa."

Akafunga kila kitu. Akafungua ukurasa mpya, akaandika mwenyewe, herufi kwa herufi, anwani ya kampuni ile. Yaani aliondoka akaenda kwa wenyewe kuuliza. Akaingia vizuri. Hakuna onyo. Hakuna tatizo. Akaunti nzima, haina hata kikohozi.

"Mwizi!" akapiga kelele, na Kiplangat akainua mikono juu bila kuulizwa.

Basi hapo ndipo Gladwell alipozidisha. Aliogopa kwamba mwizi atarudi, akabadilisha paswadi ya Mama Edinah akaweka ndefu sana, imejaa nyota na alama. Kampuni ilipotaka swali la siri, yaani swali la kumtambua mwenye akaunti akisahau paswadi, Gladwell akaweka: paka wa Gladwell anaitwaje? Akaandika na anwani yake mwenyewe, onyo lolote lije kwake. Akajisifu soko zima. Wateja walikoma. Ukipata barua hata ya dada yako, Gladwell anakuuliza, "Una hakika ni dada?"

Kisha, mwaka uliofuata, kukaja barua nyingine. Hii ilikuja kwa Gladwell mwenyewe. Ilitaja anwani ya Mama Edinah kamili. Ilisema kuna mtu amejaribu mara kadhaa kuingia kwenye akaunti hiyo, kutoka nchi ya ng'ambo, akashindwa na swali la siri. Kama si nyinyi, msifanye lolote. Haikuomba paswadi. Haikutisha mtu. Gladwell akaikazia macho, akaipa chai, akaenda kwa wenyewe kama kawaida yake. Ni kweli. Barua ilikuwa ya kweli.

"Wamerudi!" akasema. "Naongeza kufuli!"

Mama Edinah akaweka kikapu chini. Akaketi. Halafu akauliza polepole, "Hiyo nchi inaitwaje?" Akatajiwa. Akaanza kulia. "Mwizi anataka nini kwa sanduku langu? Halina kitu. Huyo ni Wekoye. Anataka kuona kama mama yake bado yuko hai, na anaogopa kuniuliza."

Gladwell akaona alichofanya: paswadi ya zamani Wekoye aliijua, na yeye ndiye aliyeibadilisha. Alimfungia mtoto nje akidhani anafungia wezi. Kiplangat anatuambia alimwona Gladwell akipangusa macho kwa leso, na kwamba hakuwahi kuona hivyo kabla ya siku hiyo.

"Sasa tufanye nini?" Gladwell akauliza, yeye ambaye hakuwa akiuliza mtu.

"Weka swali ambalo yeye analiweza," akasema Mama Edinah. "Muulize: nani alimaliza sukari?"

Maana kwa Mama Edinah sukari ilimalizwa siku moja wageni wa kanisa wakiwa njiani, na Wekoye, akiwa mtoto, aliapa si yeye. Aliapa miaka yote hiyo, mpaka akapanda ndege. Gladwell akaweka swali. Jibu: mimi. Na ndani ya sanduku wakamwachia barua: Niko hai. Baba yako alikuulizia vizuri. Rudi.

Wakangoja. Siku ya soko ikaja ikapita, ikaja nyingine. Kisha Gladwell akapata barua ambayo kila mtu wa intaneti anaiogopa kuliko zote: paswadi ya akaunti imebadilishwa. Akaenda kwa wenyewe. Kweli imebadilishwa, na aliyeibadilisha amejibu swali la sukari. Akatoka mbio mpaka sokoni, akimpita mwenye nyanya, akimpita mwenye mitumba, akipiga kelele, "Mama Wekoye! Tumeingiliwa! Tumeingiliwa!" Na hao wawili wakacheza juu ya njugu za watu.

Kesho yake likaja jibu kwa anwani ya Gladwell, ambayo Wekoye aliikuta ndani ya akaunti. "Mama, ni mimi niliyemaliza sukari. Nisamehe na yale mengine. Paswadi mpya ni hii hapa." Gladwell akasoma, akalia, kisha akagomba: "Nani amemwambia aandike paswadi kwa barua?"

Wekoye alikuja Desemba. Gladwell alimsubiri Myanga mlangoni, akamwomba kitambulisho. Akakisoma mbele na nyuma. Ndipo akampisha apite na mama yake mpaka kwenye kaburi la baba.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mzee Wakoli, binti yao Mary Ann, na jamaa wote wa Kabuchai na Kitale. Pole na kwako Mama Edinah, tunajua leo siku ya soko itakuwa ndefu. Na wewe unayetusikiliza, barua ya haraka ikija, nenda kwa wenyewe ukaulize. Lakini kama wewe ndiwe unayezunguka nje ya mlango wa mzazi wako, unajaribu kufuli kimyakimya kwa sababu ya aibu, acha. Mwandikie leo. Weka jina lako kamili, umwambie ni wewe.