Matabisi ya Kifuko cha Viatu

Ukitoka lango la chuo pale Doornfontein, Johannesburg, ukavuka roboti, yaani taa za barabarani, na kulipita duka la matairi, utakuta benchi la mbao mbele ya karakana ya cherehani. Hicho ndicho kijiwe chenyewe. Usiulize benchi aliliweka nani, kila mmoja atakwambia ni yeye. Kahawa ni ya Mselem, mtu wa Tanga, wanamwita Birika. Karakana ni ya Firmin, fundi kutoka Bukavu, jina lake la kijiweni Sentimita. Pandu, mlinzi wa lango la chuo, ni Katiba, kwa sababu hakuna sheria asiyoijua na hakuna hata moja aliyoisoma. Alexis, kinyozi Mkongo, wanamwita Pasta, ingawa kanisa lake limeshafungwa mara mbili kwa kukosa waumini. Asubuhi hiyo ya Mei 2017 baridi ilikuwa inauma kweli, na Firmin, mtu wa vikombe vitatu kabla ya kushika mkasi, hakutaka kahawa hata ya kulamba.

— Soma tena hiyo barua, Katiba, — alisema Firmin.

— Nimesoma mara nne, bwana wewe. — Pandu aliiweka barua mbali na macho, kama wasomi wanavyofanya. — Timu ya mbio ya chuo imejiripoti yenyewe kwenye shirikisho la michezo ya vyuo. Kosa: mshonaji wa timu kampa mwanariadha mmoja zawadi ambayo wenzake hawakupewa. Saa nne anakuja mtu kuchukua maelezo yako na saini.

Zawadi yenyewe, msikie na nyinyi, ilikuwa kifuko cha viatu. Firmin alikuwa ameishonea timu suti arobaini za mazoezi. Siku ya kuzichukua akaja kapteni wao, Murielle, binti wa Kikongo, akamsalimia kwa Kiswahili. Moyo wa fundi ukayeyuka. Akaokota mabaki ya kitambaa, akashona kifuko palepale, akakiweka juu ya mzigo. Kwao Bukavu hiyo ni matabisi: mteja akishanunua, unamwongezea kidogo aondoke ameridhika. Asiyetoa matabisi ni mchoyo, na mchoyo hana wateja. Nani angedhani kuna sheria inayokataza?

Sasa Alhamisi ilikuwa siku yake ya kwenda Pretoria kuongeza muda wa karatasi ya ukimbizi. Miaka kumi na mmoja ameishi mji huu, jina lake halijawahi kuandikwa kwenye karatasi ya makosa. Leo linaandikwa. Na Pretoria wakiliona, je?

— Ngojeni kwanza, — alisema Mselem. — Hao wa timu, nani aliwakamata?

— Hakuna. Wamejiripoti.

— Bila kukamatwa?

— Bila.

— Bila hata kibao kimoja?

— Eish, Birika! Nimeshasema!

— Basi hiyo janja. Mtu na akili zake timamu hajipeleki mwenyewe. Kuna jambo zito limejificha nyuma ya hicho kifuko.

— Njo vile, ndivyo hasa! — Alexis akapiga paja. — Wanatoa kosa dogo ili kubwa lisionekane. Na haba na haba hujaza kibaba. Leo kifuko, kesho jela.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, Pasta.

— Akiba ya makosa si akiba?

Pandu akashusha sauti. — Mimi nakaa pale langoni, nayaona mengi. Hicho kifuko kinapelekwa maabara. Wanataka kujua kama uzi wa Sentimita unaongeza mbio.

— Uzi wangu? — Firmin akaruka. — Uzi nanunua Fordsburg kama kila fundi!

— Ndiyo hapo sasa. Fordsburg nzima itahojiwa.

— Na medali aliyoshinda mwezi uliopita watamnyang'anya yule binti, — Mselem akaongeza huku akimimina. — Vyuo vitagombana, mabalozi wataitwa. Wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Alikimbia uwanjani, Birika.

— Uwanja nao una sakafu yake!

— Halafu balozi wetu anaulizwa, huyu ni mtu wako? — alisema Alexis. — Anajibu, miye simjui. Papa Firmin, banakupandisha ndege na cherehani yako mapajani!

Wakacheka. Firmin hakucheka. Akawauliza afanye nini, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kijiwe kizima kikawa na kauli moja: kana. Kifuko hukijui, binti humjui, uzi si wako.

— Kisha unyamaze kabisa, — Mselem akamalizia. — Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

— Nitakana, — alisema Firmin. Aliona aibu kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Saa nne kamili alivuka roboti Murielle mwenyewe, karatasi mkononi, kifuko kwapani. Kazaliwa hapahapa Joburg. Kiswahili anakisikia nyumbani, kukisema ni jasho.

— Jambo ba papa. Papa Firmin, samahani. Ni mimi nilisema.

— Ulisema nini, mtoto yangu?

— Kocha aliuliza sisi wote, nani amepata kitu? Mimi nikasema: mimi, kifuko. Nikasema jina yako. Sikutaka kuficha. Sasa wanataka wewe useme kama ni kweli.

Lile kana lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Firmin akamtazama binti wa watu, amesimama pale na kifuko chake, akaelewa kwamba akikana, mwongo atakuwa huyu.

— Ni kweli, — alisema, Alexis akimkanyaga mguu. — Nilishona miye, kwa mkono yangu. Hakuniomba.

— Asante, Papa. Weka saini hapa, tumeisha.

— Tumeisha namna gani? Na Pretoria? Na karatasi yangu?

— Pretoria gani? Hii inaenda shirikisho tu. Ni kosa dogo. Kocha anapata onyo, wewe unaelezwa sheria. Jumamosi mimi nakimbia.

Pandu akainyakua karatasi, na safari hii akaisoma kweli. Hapakuwa na pa kuandika namba ya kibali wala uraia. Firmin akaketi kwa kishindo. Aksanti Mungu! Alitia saini, akapiga kahawa funda moja, akadai nyingine. Raha aliyoisikia haina mfano.

— Si nilisema? — alisema Mselem, ambaye hakusema.

— Imebaki kitu moja, — alisema Murielle. — Sheria inasema bei ya kifuko nitoe kwa watoto yatima, ndiyo nibaki nacho. Niandike hapa. Papa, matabisi ni bei gani?

Kila mmoja akamgeukia Firmin.

— Andika sifuri, — Pandu akajaribu.

— Sifuri ni kusema hakunipa kitu. Na alinipa.

— Basi bei ya kitambaa, — alisema Mselem.

— Kitambaa kilikuwa cha kutupa, — alisema Firmin.

— Bei ya kazi, je?

— Nikitaja bei ya kazi, njo nimemuuzia. Miye sikumuuzia!

— Haba na haba... — Alexis akaanza. Ndipo Firmin akaangua kicheko, cha kwanza tangu kupambazuke, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wenzake wakamfuata. Murielle hakucheka. Alikuwa bado ameshika kalamu.

— Nangoja, Papa, — alisema.