Kifungo Cheupe

Benchi letu liko kati ya kinyozi na cherehani yangu, limeegemea ukuta ambao rangi yake tumeimaliza kwa migongo. Muda kama huu drafti huwa imepamba moto. Kete zetu ni vifungo vya koti kutoka kwenye kopo langu, vyeupe kwa vyeusi, na tuna desturi yetu moja: kete iliyoliwa inawekwa ukingoni mwa benchi, ili aliyeliwa aione na imuume. Leo hakuna anayecheza. Kifungo kimoja cheupe kiko peke yake katikati ya ubao, tumekizunguka na vikombe vya kahawa, hakuna anayethubutu kukigusa. Asubuhi kilikuwa kooni mwa mjukuu wa Babu Nyundo.

Babu Nyundo ni fundi viatu aliyestaafu. Binti yake anaingia kiwandani alfajiri, kwa hiyo mtoto anashinda na babu, na babu anashinda na sisi. Katoto kenyewe bado hakajatembea, ila kameanza kusimama kwa kushikilia benchi. Ukingo wenyewe unamfika kidevuni. Sisi tulikuwa tunabishana nani kamwibia nani kete, na tulipogeuka mtoto alikuwa ameachama mdomo, hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi.

Hapo ndipo alipotokea Dada wa Kituo, yule mlezi wa pale wanapolelea watoto wadogo, anapita na ndoo yake ya sabuni. Alitua ndoo, akamchukua mtoto mikononi mwa babu yake, na kufumba na kufumbua kifungo kiko chini na mtoto analia mtaa mzima unasikia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Akasema mtoto apelekwe zahanati akaangaliwe, akajitwika ndoo, huyoo akaenda zake.

Sasa babu karudi kutoka zahanati, mtoto mzima, kalala begani kwake. Na benchi limeanza.

— Mimi nawaambia yule dada si wa kawaida, alisema Birika, muuza kahawa wetu, huku anamimina. Mlimwona uso? Hata jasho! Sisi hapa tumechanganyikiwa kama kuku, yeye katulia utadhani anapepeta mchele.

— Wewe ndiye uliyechanganyikiwa, alisema Wembe kutoka mlangoni mwa kibanda chake cha kinyozi. Ulileta kikombe cha maji. Mtoto hapumui, wewe unamletea kinywaji!

— Na wewe je? Ulitaka kumtia kidole chote kile mdomoni!

— Nilitaka kukivuta.

— Akakwambia nini yule dada?

Wembe akakitazama kidole chake.

— Alisema, "Toa kidole, utakisukuma ndani zaidi." Kwa upole kabisa. Mimi mtu mzima nikatoa.

— Angalau nyie mlikuwepo, nikasema mimi. Breki aliwasha pikipiki akaondoka.

— Nilikuwa nakimbilia zahanati! alisema Breki, dereva wetu wa pikipiki.

— Bila mgonjwa?

— Nilidhani mmempakia! Bwana, acheni. Nilifika kona ndiyo nageuka nyuma, naona siti tupu.

Siku nyingine tungevunjika mbavu. Leo tulicheka kidogo tu, macho yakarudi kwenye kifungo.

— Ni mkono, alisema Birika. Mkono wa yule dada una kipaji. Kuna watu wanazaliwa nao. Anagusa tu, kitu kinatii.

— Mkono gani, alisema Wembe. Ni sauti. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia anasema kitu. Aliongea na kile kifungo. Alikiamuru.

— Alisema, "Twende, mwanangu, twende." Alikuwa anaongea na mtoto, alisema Birika.

— Wewe ulisikia hilo. Mimi nilisikia la chini yake.

Breki alisogeza kofia yake ya chuma pajani, akashusha sauti.

— Nyie mnahangaika na mkono na sauti. Mimi nawauliza, kwa nini alipita hapa saa ile ile? Njia yake ya sabuni si ile ya nyuma? Yule alijua. Alishaliona tangu nyumbani kwake.

— Alijua mtoto atakabwa, halafu akaenda kununua sabuni kwanza? nikamuuliza.

— Ili tusimshtukie!

— Na saa yangu ya ukutani, alisema Wembe, maana hakubali kupitwa. Ilisimama. Nawaapia. Nilipoingia ndani baadaye mshale hautembei.

— Saa yako ilisimama tangu mwaka jana, nikamkumbusha.

— Ndiyo, lakini leo ilisimama zaidi.

Mimi nilikuwa bado naona mikono ya yule dada. Nimeshona miaka mingi, najua mkono unaojua kazi yake ukoje, haukimbii wala haubabaiki. Ule wa leo nilikuwa sijaona mfano wake.

— Lakini si walikwenda mafunzo? nikasema. Walezi wote wa kituo. Huduma ya kwanza kwa watoto. Breki si ndiye aliyewachungulia dirishani, akaja kutuambia wanawake wazima wamekaa darasani wanacheza midoli?

Breki akajikuna shingo.

— Nilisema, ndiyo. Wanaichapa midoli mgongoni. Nikajua mambo yamewazidi.

— Na wakatuma ujumbe kwamba yeyote anayeshinda na mtoto anakaribishwa, nikaendelea. Hakuna aliyenyanyuka hapa.

— Aa, fundi, alisema Birika, wewe unalishusha hili jambo. Kitu kama kile hakifundishwi. Mtoto alikuwa anaondoka! Alimrudisha! Huwezi kuniambia hilo ni la darasani, sawasawa na hesabu.

— Hakifundishwi, Wembe akakubali, jambo ambalo ni nadra. Ni kipaji.

— Au alijua mapema, alisema Breki.

Babu Nyundo alikuwa anampapasa mtoto mgongoni, polepole, juu chini, kama anayehakikisha bado yupo. Mara mbili niliona machozi yanamlengalenga, na mara mbili aliyafuta kwa kofia ya mtoto. Kesho alfajiri binti yake atamkabidhi mtoto tena, na atarudi hapa hapa kwenye benchi hili.

Akapita msichana mmoja mgeni, kambeba mtoto mchanga mgongoni. Ndiye yaya mpya wa nyumba yenye geti la bluu, hana hata wiki. Alikuja kununua kahawa ya kumwekea bosi wake, akasikia, akasimama.

— Shikamooni, wazee. Samahani, huyo mtoto aliyekabwa ni wa hapa?

— Marahaba, binti. Ni huyu hapa, alisema Birika kwa fahari, utadhani kamwokoa yeye. Tulikuwepo wote. Tumeona kwa macho yetu, mwanzo mpaka mwisho!

— Mungu mkubwa, alisema yule msichana. Akamgeuza mtoto wake kutoka mgongoni, akampakata mbele. Basi nionyesheni. Alimlazaje?

— Nini?

— Huyo dada. Mimi nashinda peke yangu na huyu, mama yake anarudi jioni. Alimlaza kifudifudi au chali?

Birika akafungua mdomo. Akanyoosha mkono mmoja, akaugeuza, akanyoosha mwingine.

— Chali, alisema Wembe.

— Kifudifudi, alisema Breki. Au alimshika miguu?

— Alimpiga wapi? yaya akauliza. Kwa ngumi au kwa kiganja?

Nami nilitazama mikono yangu, iliyokuwepo pale pale asubuhi bila kufanya lolote. Nilikumbuka ndoo. Nilikumbuka kilio. Katikati palikuwa patupu. Wanaume wanne tumekaa na mikono hewani, kila mmoja amebeba mtoto asiyekuwepo, kila mmoja kwa namna yake. Yule msichana alitutazama mmoja mmoja, bado anangoja.

Babu Nyundo alisimama. Alikichukua kile kifungo, akakitia kwenye kopo langu, akafunga kifuniko mpaka kikagoma kuzunguka. Halafu akaanza kutembea kuelekea kituoni. Yaya akamfuata. Nikafunika cherehani. Wembe alimwacha mteja na sabuni kidevuni, Birika akaliacha birika jikoni linachemka, Breki akaja kwa miguu, jambo ambalo mtaa huu haujapata kuona.

Dada wa Kituo alifungua mlango, akamwona babu na mtoto, akashtuka.

— Babu! Mtoto ana nini tena?

— Mtoto mzima, mwanangu, alisema Babu Nyundo. Asiyejua ni mimi.

Hakuuliza zaidi. Alimpokea mtoto akamlaza mkekani bila kumwamsha, akaenda kabatini, akarudi na mdoli wa plastiki uliochubuka rangi, akamwekea babu mikononi. Babu akaupokea kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akaulaza chali kwenye mkono wake, akainua uso kumtazama.

— Hapana, babu, alisema Dada taratibu, huku anaugeuza. Kifudifudi. Kichwa kiwe chini ya kifua. Mshike taya, usimbane koo. Sasa kiganja, hapa katikati ya mabega.

Babu akapiga. Breki alikuwa nyuma yake, amenyoosha mkono mtupu, anaiga, na safari hii hakucheka.