Nyumba ya Jina Moja

Kijiwe chetu ni benchi refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, na bila kujisifu, kwa habari hakuna redio inayotufikia. Siku hiyo tulikuwepo wa kawaida: mimi, niliyeona mengi kuliko niliyosomeshwa, Karani, aliyebeba mafaili mahakamani mpaka akajiona hakimu, na Breki, dereva mstaafu anayekunywa kahawa kama anajaza tangi. Pembeni yetu alikaa fundi redio, ambaye tangu asubuhi hakufungua kibanda chake. Macho yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba yake. Nyumba nzuri, bati jipya, ila haikuwa na mlango hata mmoja.

— Kwa hiyo mkeo kaondoka na milango yote? Breki akauliza tena, kwa utamu tu.

— Yote. Hadi wa choo.

— Wa choo! Huyo ana roho.

— Nilimwonyesha hati tu, jamani, fundi akalalamika. Nikamwambia, soma, jina ni moja, langu. Nyumba ni yangu peke yangu. Akaniuliza, na milango? Nikamjibu, kila mtu na chake. Nilisahau kwamba milango alizawadiwa na kaka yake.

— Si yule seremala?

— Huyo huyo. Kaja na bisibisi. Wameng'oa mmoja mmoja, wakapakia mkokoteni, mapacha wetu nyuma wamebeba makomeo.

— Haba na haba hujaza kibaba, Karani akatikisa kichwa kwa huzuni.

— Sasa nikienda kazini, wezi. Nikibaki, njaa. Leo nimeamka mbuzi yuko sebuleni, ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

— Umekwenda kumwomba radhi mkeo? nikamuuliza.

— Kwa kosa gani? Sheria iko upande wangu!

Karani akajikohoza. Akijikohoza hivyo, ujue kikao kimefunguliwa.

— Iko upande wako sana. Mmiliki wa peke yake anamiliki kuanzia chini ardhini mpaka juu mawinguni. Yeye kachukua mbao. Lakini yale matundu ya milango, bwana, ni mali yako halali!

— Nitayafunga kwa kitu gani?

— Hilo si la sheria. Hilo ni la seremala.

— Mimi ningemshtaki huyo shemeji yako seremala, Breki akadakia. Kaingiza upepo kwenye nyumba ya mtu bila ruhusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Ukuta upo, Breki. Mlango ndio haupo.

— Basi ushtaki ufa!

Hapo nikaona wananipita, na mimi sipitwi.

— Nyie watoto. Mimi niliwahi kumiliki shamba peke yangu, mpaka kivuli cha mawingu nikakikataza kupita. Nikawashtaki ndege. Kesi nikashinda! Tatizo, siku ya hukumu ndege hawakufika.

— Ukafanyaje?

— Nikawasamehe. Mwenye nguvu mpishe.

Tulicheka wote, isipokuwa fundi. Yeye alikuwa anamfukuza mbuzi kwa macho tu, toka ng'ambo.

— Nachotaka kujua, akasema, nani katika mtaa huu anaweza kukana kwamba ile nyumba ni yangu? Nani?

— Hakuna! tukajibu kwa sauti moja. Kahawa aliyotununulia ilikuwa bado mkononi mwetu.

Ndipo akafika mama mmoja, kikapu kichwani, jasho usoni, akasimama mbele ya benchi.

— Samahanini, kaka zangu. Nyumba ya Mama Mapacha ni ipi?

Karani akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba kuna faili humo. Breki akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mimi, ambaye hakuna swali lililowahi kunishinda, nikashikwa na kikohozi.

Fundi alitutazama mmoja mmoja, akingoja hata mtu mmoja aseme hakuna nyumba ya jina hilo. Akashusha pumzi, akasimama, akanyoosha mkono.

— Ni hiyo, dada. Ingia ukae, maana hata pa kubishia hodi hapapo. Mwenye nyumba yuko kwa kaka yake. Ndiyo naenda kumwomba arudi.