Generoza Maganga, Mkunga Aliyetafuta Maji ya Nyakahembe

Marehemu Generoza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Ushirombo, mtoto wa tatu wa Mzee Otmar na Bi Apolonia. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha akasomea ukunga Kolandoto na kuhitimu mwaka 1982.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na marehemu Cornel Maganga, fundi uashi, baba wa Donatus na wadogo zake. Mzee Cornel alikuwa akitania kwamba chakula cha moto alikila siku ya harusi tu, maana mkewe aliitwa kuzalisha kila chungu kilipokaa jikoni.

Alihudumu zahanati ya Nyakahembe, jirani na Buseresere, hadi alipostaafu mwaka 2021. Zahanati haikuwa na maji. Wajawazito walikuja na ndoo zao. Aliandika maandiko ya mradi, akayapeleka kila ofisi iliyokuwa na lango. Mwaka 2020 shirika moja likaja na kamera. Ofisa wao akaagiza mwanamke aliyejifungua asubuhi hiyo atolewe kitandani, alazwe sakafuni, ili picha iwaguse wafadhili.

Marehemu akasimama mlangoni. "Huyu nimemtandikia kwa mikono yangu. Hashuki."

"Mama Donatus, unatuharibia mradi," ofisa akamwambia.

"Mradi wa kumlaza mzazi chini kama mbuzi? Nakuonea kinyaa. Toka!"

Walitoka na fedha zao. Baadhi yetu tulioketi hapa tulimnunia mwaka mzima.

Akaanza kuwafuata watu aliowazalisha. Sostenes, mnunuzi wa almasi Maganzo, alishtuka kumwona dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nilikuogesha kwa maji ya dimbwi. Sitaki mwingine aogeshwe hivyo."

Sostenes na wenzake wakagharamia kisima, kikatoa maji Oktoba 2023. Siku ya uzinduzi ofisa yuleyule akaja kukata utepe, bango likiwa na jina la shirika lake, na viongozi wetu wakampigia makofi. Marehemu aliondoka bila kugusa pilau.

Aliugua saratani tangu Januari 2025, akauguzwa hospitali ya Kolandoto, alikofariki tarehe 9 Juni. Aliagiza shirika lile lisipewe nafasi ya kutoa rambirambi kaburini. Familia imetii.

Ameacha watoto watatu, Donatus, Violeth na Salome, wajukuu saba, dada yake Bernadina, anayeusoma wasifu huu, na wale wote aliowapokea duniani, ambao karatasi hii isingewatosha.

Bwana ampokee naye, apumzike kwa amani.